Haiko kwa Swali

Nimesoma Chozi la Heri mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta alama. Mara ya pili nilikuwa natafuta nadharia. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa kwa kigoda jikoni kwa shosho, Kiritiri, tunachagua ndengu, na sikuwa natafuta chochote. Ni hiyo ya tatu imenifanya niandike haya, lakini haitaeleweka bila zile mbili.

Mwaka wa 2018 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni ya wasichana. Riwaya ya Assumpta K. Matei ilikuwa imechukua nafasi ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, na sote, walimu kwa wanafunzi, tulikuwa na wasiwasi ule ule: hakuna maswali ya miaka iliyopita. Darasa lililotutangulia ndilo lingekuwa la kwanza kutahiniwa. Kwa hivyo tulifanya kile Wakenya hufanya wakiogopa mtihani. Tuliandika noti.

Kama ulipitia karatasi ya tatu unajua vile tulifunzwa kusoma. Unachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto mhusika, kulia sifa. Ridhaa: mvumilivu, mwenye bidii. Selume: mwenye utu. Sauna: katili, mlaghai. Mwekevu: jasiri. Halafu mwisho wa daftari kuna ukurasa wa "Nafasi ya mwanamke", nao pia umekatwa mara mbili, chanya na hasi. Mwanamke kama kiongozi, mwanamke kama mlezi, mwanamke kama msomi. Upande wa pili, mwanamke kama katili, mwanamke kama chombo, mwanamke kama mateka wa mila. Hoja kumi, alama ishirini, unaenda zako.

Kwa wale hawakuisoma, au waliisoma vile mimi niliisoma: nchi inaitwa Wahafidhina. Mwanamke anaitwa Mwekevu Tendakazi, anagombea uongozi na wanaume, anashinda, na kuna watu hawawezi kuishi na hayo matokeo. Nchi inawaka. Ridhaa, daktari, anapoteza familia kwa moto. Mkenya yeyote anasoma hapo na kuona 2007 na 2008 bila kuonyeshwa kwa kidole. Lakini ukiacha moto kando kidogo, utaona kwamba kitabu kimejaa wanawake wanaoambiwa na wengine wao ni nani. Subira anakataliwa na mama mkwe kwa sababu ni wa kabila lingine. Ndoa ya Selume inavunjika kwa sababu hiyo hiyo. Pete anakanwa na babake kwa sababu hafanani naye, kisha anaozwa kwa mzee.

Na kuna Tuama.

Tuama hana kurasa nyingi. Tunakutana naye hospitalini, Mwanzo Mpya, ambako Selume ni muuguzi. Amelazwa kwa sababu ya kukeketwa, na hapo hapo kitandani, hata hajapona, anaitetea mila iliyomlaza. Kwake yeye, hiyo ndiyo inamfanya msichana kuwa mwanamke kamili. Darasani tulicheka. Halikuwa cheko la ubaya. Lilikuwa cheko la wasichana arobaini walioshukuru kwamba si wao. Kwenye daftari nikaandika: Tuama, mjinga. Mshikilia ukale. Msaliti wa wanawake wenzake. Hiyo ya tatu nilijitungia mwenyewe na nikaipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Likizo ya Agosti nilikuja nyumbani na kitabu.

Kiritiri, kama hujafika, iko Mbeere Kusini, kaunti ya Embu. Usidhani ni ile Embu ya majani chai na baridi. Ukitoka Embu mjini matatu inateremka na joto linapanda, udongo unabadilika, unaanza kuona mbuzi, miembe, na punda waliobeba mitungi ya maji. Huko chini kuna Mto Tana na mabwawa yake, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, yanayowasha taa za watu wa mbali. Sisi tulisoma kwa koroboi mpaka nilipofika darasa la saba.

Shosho si Mmbeere. Alizaliwa Meru, upande wa Igoji, akaolewa huku miaka ya sitini, na mpaka leo wakimtaja sokoni wanasema "yule mama wa Meru". Kimbeere chake kina Kimeru ndani, kama chai iliyotiwa tangawizi. Mimi nilipewa jina lake. Mamangu alinizalia nyumbani, bila bwana, na hakukuwa na familia ya pili ya kugombania jina, kwa hivyo la shosho likaja kwangu moja kwa moja. Yeye huniita wajina.

Alipenda nimsomee. Alienda shule miaka miwili tu, na Biblia yake anaisoma kwa kidole, lakini hadithi anaisikia mara moja na haimtoki. Jioni moja nilimsomea ile sehemu ya hospitali, nikitafsiri nikiendelea. Alikuwa anapepeta mtama. Nilipomaliza akauliza:

"Huyo msichana, alipona?"

"Hiyo haiko kwa swali, shosho."

"Ni swali gani linaulizwa?"

"Sifa zake."

"Na ni gani?"

Nikafungua daftari nikamsomea. Nilitafsiri vizuri sana. Kwa "mjinga" nilitafuta neno zito, lile ambalo watu wazima hutumia wakikasirika, na nikalipata, na nilijiona mjanja kweli kweli. Shosho aliutikisa uteo mara mbili, tatu. "Haya, wajina," akasema, kisha akatoka kwenda kuwafunga mbuzi. Mbuzi walikuwa wamefungwa tayari. Nililiona hilo, na sikulifikiria.

Mara ya pili ilikuwa chuoni, Nairobi. Huko nilijifunza kwamba kuna neno la kile nilichokuwa nimefanya, na nikajifunza kuaibika. Tulisoma ufeministi kwa mpangilio. Simone de Beauvoir, Ufaransa, 1949: jamii ndiyo humfinyanga mwanamke. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, Mnigeria, 1997, akiwaambia wanaufeministi wa Magharibi kwamba hata neno "mwanamke" lenyewe halina maana moja kila mahali, na kwamba kuna jamii ambako umri ulikugawia nafasi yako kabla ya jinsia. Elena Bertoncini, katika kitabu chake cha 1996 kuhusu wanawake wa fasihi ya Kiswahili, aliwagawa kuanzia jaladani: kuna wanaowatega wanaume na kuna wanaoumizwa. Na ni kweli, ukiwaangalia Rosa wa Kezilahabi (1971) na Maimuna wa Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), msomaji ameulizwa swali moja miaka yote hiyo. Huyu alianguka ama alisukumwa?

Niliandika insha ya muhula kuhusu utambulisho wa mwanamke katika Chozi la Heri. Tuama hakuwa mjinga tena. Sasa alikuwa mwathiriwa wa itikadi, mtu aliyemeza mawazo ya mfumo dume mpaka akayatapika kama yake. Nilipata alama nzuri. Ilinichukua muda kuona kwamba sikuwa nimefuta ule mstari wa katikati ya ukurasa. Nilikuwa nimebadilisha tu neno la upande wa kulia, nikaweka refu zaidi. Bado Tuama alikuwa kitandani, bado mimi nilikuwa nimesimama juu yake na kalamu.

Na kuna mtu sikumgusa kabisa kwenye ile insha. Pete. Nilijiambia nafasi haitoshi. Ukweli ni kwamba nilipokuwa nachukua kitambulisho, nilikaa mbele ya fomu kwa muda mrefu kwa sababu kulikuwa na nafasi ya jina la baba. Kijana aliyekuwa anatusaidia kwa ile ofisi aliniuliza kwa sauti, foleni nzima ikisikia, "Baba ni nani?" Nikasema sina. Akasema, "Kila mtu ako na baba." Kwa darasa la nadharia utambulisho ulikuwa dhana, unaijadili ukikunywa chai. Kwa ile fomu ulikuwa ni mstari mtupu na watu ishirini wanakungoja uujaze. Basi Pete nilimruka. Nilijua sana ile hadithi ya mtoto anayeambiwa hafanani na mtu.

Nilikuwa bado naandika ile insha nilipokutana, maktabani, na kitabu cha mwanahistoria Lynn Thomas cha 2003 kuhusu wanawake, uzazi na serikali Kenya. Kinasimulia Meru. Aprili 1956, katikati ya hali ya hatari, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Wazee wote walikuwa wanaume, na serikali ya mkoloni ilikuwa nyuma yao. Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Wasichana wenyewe walikataa. Wengine walinunua wembe dukani wakaenda vichakani kukatana, bila wakunga wa zamani, bila sherehe. Wakaitwa Ngaitana, maana yake "nitajikata mwenyewe". Katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuvunja hiyo amri.

Nikafanya hesabu. Kitambulisho cha shosho kinasema alizaliwa 1943. Nikafunga kitabu, nikakirudisha kwenye rafu, na sikumwambia mtu. Kwa miaka mitatu nilienda nyumbani kila likizo nikala chakula chake na sikumuuliza. Nilikuwa na nadharia zote za kuuliza na sikuwa na ujasiri.

Mei 2024 nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, kwa hivyo nilikuwa nyumbani. Wiki hiyo Kiritiri hakuna mtu alikuwa anaongea kitu kingine isipokuwa muguka. Mombasa ilikuwa imeipiga marufuku, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Kwa wengine huo ulikuwa mjadala wa redio. Kwetu muguka ndiyo ada ya shule. Ndiyo ilinisomesha: mamangu hudamkia shambani kuchuma yale majani kabla jua halijawa kali, yake na ya watu, na vidole vyake vimekuwa vyeusi tangu nimjue. Siku chache baadaye mahakama iliisimamisha hiyo amri, lakini jioni hiyo hatukuwa tunajua. Mama alikuwa bado hajarudi. Mimi na shosho tulikuwa jikoni na uteo wa ndengu katikati yetu. Redio ilisema "marufuku" mara nyingi mpaka shosho akainuka akaizima.

"Hilo neno nalijua," akasema.

Unapochagua ndengu hamwangaliani. Macho yako chini, kwa vijiwe. Nadhani ndiyo sababu aliweza.

"Wazee walikutana wakasema imeisha. Hakuna msichana atakatwa tena."

"Na hawakuwauliza nyinyi."

"Wajina, walikuwa wazee. Walipotaka tukatwe hawakuuliza. Walipotaka tusikatwe hawakuuliza."

Alinyamaza kidogo. Kisha akaanza kuongea Kimeru, kile cha kwao, kile hutumia akiomba. Babake alikuwa kizuizini. Mamake alikuwa anachukuliwa kila asubuhi kwa kazi ya lazima. Walikuwa wanne, marika, wote wa kijiji kimoja. Dada zao wakubwa walikuwa wamepitia, wakaimbiwa, wakafunzwa, wakatoka wakiwa watu wengine. Walikuwa wakikaa mahali pengine sasa, wakiongea maneno mengine, na watu waliwasalimia tofauti. "Sisi tukaambiwa tubaki vile tulivyo. Watoto. Hata ukizaa watano, mtoto. Ungekaa na wanawake gani? Nani angekuita mwanamke?" Wakasema basi. Akalitaja lile neno, ngaitana, na mimi niliyelisoma maktabani kwa herufi za mlazo nikalisikia kwa mara ya kwanza kwa sauti ya mtu. Halikusikika kama jina la vuguvugu. Lilisikika kama kitu wasichana wanne huambiana wakitoka mtoni.

"Wembe mlitoa wapi?"

Aliokota kijiwe, akakitupa mlangoni. Akaokota kingine.

"Mimi ndiye nilinunua."

Sikusema kitu.

"Tulikuwa wanne," akasema. "Baada ya wiki tulikuwa watatu."

Hakunitajia jina la huyo wa nne na sikuuliza. Alisema tu kwamba askari wa chifu walikuja, kwamba mamake alilipa faini kwa mbuzi wote waliokuwa nao, na kwamba hakumchapa. "Ningependa angenichapa," akasema. Nje kulikuwa kumeingia giza na ndengu zilikuwa hazionekani vizuri, lakini hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

Nilimwambia: "Shosho, ile mwaka nilikusomea kitabu. Nilisema..."

"Mjinga," akasema. Alilikumbuka neno lenyewe, lile zito. Miaka sita.

Nikamwambia pole. Ilitoka vibaya, kwa Kiswahili, kama pole ya kumpa mtu uliyemkanyaga kwa matatu. Akatikisa mkono. "Hukukosea yote. Nilikuwa mjinga. Lakini hiyo haikuwa tabia. Hiyo ilikuwa umri."

Nimefikiria hayo maneno kuliko kitu chochote nilichosoma chuoni.

Halafu nikauliza kuhusu mamangu, kwa sababu sasa ningeuliza lini tena. Mama alizaliwa miaka ya sabini, na wakati huo Mbeere pia hiyo mila ilikuwa hai. Shosho akacheka. Alicheka kweli, meno mawili ya mbele yakaonekana. Mama alipofika miaka kumi na miwili, mama mkwe alianza kuuliza: huyu msichana lini? Alikuwa mwanamke wa kuogopwa, huyo mama mkwe. Shosho, mgeni, yule mama wa Meru, hakuwa na nguvu ya kumkatalia. Basi likizo ya Desemba alimchukua mamangu akampeleka Igoji kwa nyanya yake, wakakaa wiki tatu wakila ndizi. Waliporudi akamwambia mama mkwe kwamba imekwisha, kwamba kwao msichana hufanyiwa kwa kina mamake. Uongo mtupu. Lakini nani huku Kiritiri angejua desturi za Igoji? Mamangu aliamriwa atembee polepole wiki mbili.

"Na mama mkwe?"

"Alichinja jogoo."

Hapo mama akaingia, na gunia begani na leso ikiwa na majani, akatukuta tumeshika mbavu kwa giza.

"Mnacheka nini?"

"Jogoo," shosho akamwambia.

Mama akaweka gunia chini. Nilimwona akielewa, nikaona kwamba alikuwa akijua hiyo hadithi maisha yake yote na hakuwahi kuniambia. "Alikuwa mtamu," akasema, akaenda kuwasha taa.

Niseme wazi, kabla mtu hajanielewa vibaya. Mimi ni wa upande wa sheria. Sheria ya 2011 inayoharamisha ukeketaji ni sheria nzuri, na nilifurahi Machi 2021 Mahakama Kuu ilipokataa kuitupa nje. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 15 ya wanawake wa Kenya, kati ya miaka 15 na 49, wamekeketwa. Hiyo inapungua kila utafiti, na inapaswa kufika sufuri. Shosho yangu mwenyewe, aliyenunua wembe, ndiye aliyepitisha mtoto wake chini ya pua ya mama mkwe. Hakusubiri sheria.

Lakini sasa niambie, nimweke upande gani wa mstari? Chanya ama hasi? Mtetezi wa mila ama mpinzani wa mila? Kama angekuwa mhusika ningemwandikia nini kwa daftari? Msichana wa 1956 na mama wa miaka ya themanini ni mtu mmoja, mwenye jina moja, ambalo pia ni langu. Alivunja amri ya wazee mara moja akitaka kuitwa mwanamke, na akavunja matarajio ya ukoo mara ya pili kwa sababu alijua bei ya hilo jina. Kati ya hizo mara mbili kuna msichana wa nne. Sidhani ni nadharia iliyombadilisha. Nadhani ni yeye.

Ndipo nikamrudia Tuama. Nilichokosa kuona mara mbili ni kwamba Matei hakumweka peke yake. Katika riwaya hiyo hiyo kuna Pete, ambaye alikeketwa na kuozwa bila kuulizwa. Mmoja alilazimishwa, mwingine anaitetea, na kisu ni kimoja. Mwandishi hakuchora mstari kati yao. Sisi ndio tulichora, kwa rula. Na anamwachia Tuama mdomo. Angeweza kumfanya akae kimya, mgonjwa, wa kuhurumiwa, na sote tungejisikia vizuri. Badala yake msichana anaongea kutoka kitandani, anasema kitu ambacho hatutaki kukisikia, na wasomaji tunajibu kwa kumpa sifa ili tusimjibu.

Kuna kitu namlaumu Matei pia. Tuama anapita haraka mno. Hakuna mtu anayekaa kando ya kitanda kumuuliza lile la muhimu: ungekataa, ungeitwa nani? Nani angekukaribisha wapi? Hilo ndilo swali ningeweka kwa karatasi ya tatu kama ningeruhusiwa, kwa kila mwanamke wa kila riwaya. Mwekevu, aliyeshinda uchaguzi na nchi ikaona afadhali kuungua. Subira, aliyekuwa mke mpaka mama mkwe akakumbuka kabila lake. Pete na ile sura yake. Sio "ni mtu wa aina gani?" Ni "ni mlango gani alifunguliwa, na ungefungwa angesimama wapi?" Mtu akiniuliza ufeministi wangu ni upi, kwa sasa ni huo tu. Niliupata jikoni.

Tulikula tukamaliza. Mama alikuwa amenyoosha miguu, anapaka vidole mafuta. Shosho alikuwa kimya muda, nikadhani amelala amekaa, vile hufanya.

"Huyo msichana wa kitabu," akasema.

"Tuama."

"Ndiyo. Alipona?"

Niliingia chumbani nikavuta sanduku la shule kutoka chini ya kitanda. Jalada lilikuwa limetoka, panya walikuwa wameonja kona. Kwenye ile sehemu ya hospitali kulikuwa na wino mwekundu kila mahali, mishale, nyota, "SIFA!!" kwa herufi kubwa, pembeni mwa maneno ya msichana mgonjwa. Nikakaa kwa kigoda, nikasogeza taa. Mama akaacha kupaka mafuta.

Nikaanza kusoma, nikitafsiri nikiendelea, na safari hii sikutafuta maneno mazito. Nilipofika mahali Tuama anaanza kuongea, shosho aliinua kidole, kile anachosomea Biblia.

"Rudia hapo," akasema. "Polepole."